Vifungo Vinne, Nyuzi Sita

Kwako mume wangu mtoro,

Huna haya wewe? Mwanamume mzima, unamwacha mkeo mwaka na ushei bila kuja kumtazama kama bado ana meno! Ukipiga simu ni “Bibi hujambo, Bibi nina haraka,” kama mtu anayeongea huku anakimbizwa na mbwa. Safari hii sitaki simu. Simu nikianza kukusema mtandao unakatika, nami najua anayeukata ni nani. Barua haikatiki. Utanisikiliza mpaka mwisho, upende usipende.

Haya, nimekwisha kukusema, sasa nakusalimu. U mzima? Unakula? Ile picha uliyotuma nimeoneshwa. Shingo imekuwa kama mchi uliochomekwa kwenye kola. Hakuna aliyewahi kusoma vizuri zaidi kwa sababu ya njaa, kwa hiyo kula. Mimi ni mzima wa kuringa, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi huamka kabla yangu na kuanza kulalamika peke yake. Baba yako hajambo. Alipita hapa, akala, akalala, akaenda. Ndizo ziara zake.

Habari kubwa ni kwamba paa letu linabomolewa. Mwenye nyumba alikuja na karani wake, akaingia chumbani kwangu, akainua macho, akaona mbingu juu ya kitanda. Akasema paa limechakaa. Nikamwambia ahsante, nilikuwa nadhani nimelala nje. Basi akaamua kuliezua lote, vyumba vyote vya ua huu, na sisi wapangaji tukakae kwanza kwenye nyumba zake tatu kule nyuma ya mashine ya kusaga. Paa likiisha, kila mtu arudi chumbani kwake.

Lakini bwana yule anatujua. Akasema ua huu unazaa ugomvi kuliko unavyozaa kodi, na majirani wa zile nyumba tatu ni watu watulivu. Akiletewa habari ya kelele moja tu, ya sufuria moja tu kurushwa, tunatoka sote, na vyumba vyenye paa jipya atawapa wengine. Karani akasema tajiri hatanii, kwa hiyo tujipange wenyewe, wasiopatana wasiwekwe nyumba moja. Nafasi ipo tele. Kilichokosekana ni watu wa kuvumiliana.

Mume wangu, chumba kile niliingia baba yako akiwa mgongoni. Sina kingine duniani. Usiku ule sikucheka.

Kwanza tuliitisha kikao cha suluhu, ugomvi wote umalizwe kwa pamoja. Ulikuwa ujinga. Kila aliyesimama kusamehe alianza kwa kueleza anachosamehe, na aliyesamehewa alikuwa hajui kama amekosa. Muuza samaki alimsamehe mke wa dereva kwa kumwita mchafu, mke wa dereva akauliza nani kamwambia, na hapo akazaliwa mgomvi wa tatu. Tuliingia na magomvi ya kutosha, tukatoka na ya akiba.

Kisha karani akachukua chaki akaandika majina ukutani, huyu nyumba ya kwanza, yule ya pili. Akifika katikati anakuta muuza samaki yuko na mke wa dereva. Anafuta, anaanza upya. Anamhamisha mmoja, wawili wanagongana kwingine. Ukuta ukawa mweupe, na suruali yake pia. Akasema namna za kuwapanga watu hawa ni nyingi kuliko nywele za kichwa chake, na kweli kichwa chake kina upara lakini nilimwelewa.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Si unakumbuka ulipokuja mara ya mwisho, tukichambua maharage, nikakuuliza huko chuoni unafanya nini hasa? Ukaniambia kuna maswali ambayo hata kompyuta ikiachwa ijaribu kila njia, jua litazimika kabla haijamaliza. Nikakuuliza sasa mnasomeshwa ya nini. Ukacheka, ukasema kazi yako ni kulipunguza swali kabla ya kulitatua. Unatafuta upesi upesi yale yasiyohitaji kuumiza kichwa, unayaweka kando kwa namna isiyoharibu jibu, mpaka kinabaki kiini. Kiini hakilainiki, ukasema, ugumu wote umejaa humo, lakini sasa ni kidogo, unaweza kukaa nacho uso kwa uso. Nilikuitikia tu ili unywe chai. Kumbe yaliingia.

Nikaenda kwa Mama Cherehani, nikamwambia alete mkebe wake wa vifungo. Kila mpangaji tukampa kifungo chake mezani, na wawili wakiwa na ugomvi tukawaunganisha kwa uzi. Tulipomaliza, meza ilikuwa kama utando wa buibui mlevi.

Mimi nilianza vibaya, nawe usinicheke. Nilitaka tuanze na wale wakorofi wakubwa, nikidhani wakipata mahali, wengine watafuata kama kuku. Tukavuta huku, tukasukuma kule, tukajifunga. Mama Cherehani akaniuliza mjukuu wangu alisema tuanze na magumu au na mepesi. 

Tukaanza upya na mepesi. Fundi matofali ana ugomvi na watu wawili tu. Nyumba ziko tatu. Hata hao wawili wakikaa mbalimbali, ya tatu itabaki ikimngoja. Sasa huyo anatunyima usingizi kwa lipi? Mtoe, tutamrudisha baadaye, hawezi kukosa pa kulala. Mama Cherehani akakata nyuzi zake, kifungo kikaingia bakulini. Tukatafuta mwingine mwenye nyuzi mbili, au mmoja, au hana kabisa kama yule mzee wa kona ambaye hasikii kitu na kwa hiyo anawapenda wote. Bakulini. Na hapa ndipo nilipopiga kofi, maana mtu akitoka anaondoka na nyuzi zake. Muuza samaki alikuwa na nyuzi nne, lakini wawili kati ya wagomvi wake wamekwisha kutoka, amebaki na mbili, naye aende bakulini! Ua mzima ukawa unafumuka kama sweta. Wa kwanza kurudishwa atakuwa yule aliyetoka mwisho, na kila mmoja akirudi atakuta wagomvi wake hawazidi wawili, nyumba moja iko wazi. Maharage niliyoyabandika yalikuwa hata hayajaanza kutokota.

Vikabaki vifungo vinne. Tukatazama, tukageuza, haviondoki. Kila kimoja kimefungwa na vyote vingine, nyuzi sita zimekaza. Karani akainama, akasema hawa ni wanne na nyumba ni tatu, upende usipende wawili watakutana, na wowote wawili ni wagomvi. Lakini tukiukata uzi mmoja tu, mmoja kati ya sita, hao wawili watakaa pamoja, wawili waliobaki kila mmoja na nyumba yake, na bakuli lote litarudi bila shida. Ugomvi wa ua mzima umekuwa uzi mmoja!

Nikafurahi, nikauliza hivyo vinne ni vya nani, nikawatie adabu. Mama Cherehani akatazama dari. Akasema hiki ni cha Mama Mkaa. Hiki ni cha Sista, yule nesi wa zamu za usiku. Hiki ni cha Fundi Redio. Nikasema na hiki kikubwa cheusi chenye ufa, cha nani? Akasema, Bibi, hicho ni chako.

Basi nikakaa chini.

Tukaitwa wote wanne chumbani kwa Mama Cherehani, tukakalishwa kila mtu pembe yake, na karani akauliza nani atakata uzi. Ungesikia! Mama Mkaa akasema atapatana na Sista siku mkaa utakapoota mweupe, maana Sista huanika magauni yake ya kazi kwa makusudi penye vumbi la mkaa, apate cha kulia. Sista akajibu kwamba kamba ya nguo ilikuwepo kabla ya gunia la kwanza, na kwamba Fundi Redio amemwibia usingizi wa mchana kwa kujaribu redio, kiasi kwamba kazini humtoa mgonjwa kitandani alale yeye. Fundi Redio, mtu mwenye masikio kama vifuniko vya sufuria, atengenezaye redio moja akaua mbili, akasema yeye hana neno na mtu. Mama Mkaa akamtolea skrubu alizobakiza alipomtengenezea redio yake, akamwuliza kama hizo ni mbegu, apande.

Na mimi je? Na Mama Mkaa, nilisema mbele ya wateja kwamba kopo lake la kupimia lina kitako cha uongo ndani. Nimeliona kwa macho yangu, siwezi kulisahau kwa ajili ya paa. Na Sista, alininyang’anya chumvi yangu jikoni akampigia baba yako simu kwamba najiua kwa kijiko. Chumvi ni yangu na moyo ni wangu. Nilizipitia nyuzi zangu moja moja, nikaona zote ni za haki.

Ukabaki wa Fundi Redio. Huu hukuwahi kuambiwa, kwa sababu ni wako.

Siku ile ulipoondoka, umebeba begi lako, nikakusindikiza hadi lango. Niliporudi, Fundi Redio alikuwa anawaambia watu uani kwamba ile ndiyo kwaheri, mtu akishasoma kiasi kile hurudi kwao kwa picha tu. Nilikuwa na beseni la maji ya vyombo. Nililimwaga lote juu ya meza yake ya kazi, redio sita zikazimika kwa mpigo. Tangu hapo hatujapeana hata habari ya asubuhi. Na wewe, mume wangu, tangu hapo hujaja. Picha imekuja.

Nilikaa kwenye ile pembe nikiutazama uzi huo, nikaona jambo. Kopo nimeliona, chumvi imechukuliwa, hayo yamekwisha kuwa. Lakini ugomvi wetu mimi na Fundi ndio pekee ambao haujaamuliwa. Mimi nasema utarudi, yeye anasema hutarudi, na ajuaye ni mtu mmoja, naye hayupo chumbani. Basi nikamwambia hivyo hivyo, mbele ya wote. Nikamwambia ya nini watu wote hawa wapoteze vyumba kwa jambo ambalo bado halijatokea? Uzi tuukate, tukae nyumba moja, tusubiri. Mjukuu wangu akija, wewe Fundi utaniomba radhi mbele ya ua mzima. Asipokuja, nitakuomba mimi, na redio sita nitazilipa.

 Fundi akasema siku ile hakuwa akikusema wewe. Alikuwa akimsema mwanawe, ambaye picha zake zimejaa ukuta mzima. Mdomo ulimchukua aliyekuwa karibu, ndiye wewe. Akasema tukate, na kwamba akishindwa atafurahi.

Sasa tumo nyumba ya tatu, nyuma ya mashine ya kusaga, na hakuna sufuria iliyoruka. Kule kwetu mafundi wamekwisha kupandisha mbao mpya. Na kwa kuwa Mama Cherehani, mwandishi wangu wa siku zote, yuko nyumba ya kwanza na kalamu zake ziko kwenye mzigo asioujua, mwandiko huu unaousoma ni wa Fundi Redio. Ameandika yote, hata ya masikio na vifuniko vya sufuria, bila kuinua uso. Penye mwanawe tu ndipo kalamu iliposimama, nikanywa chai nikamngoja. Penye kuomba radhi alitaka kuruka mstari. Mimi sijui kusoma lakini najua kuhesabu mistari, nikamrudisha.

Najua kwa nini huji. Baba yako ameniambia kazi yako ya mwisho chuoni imekwama. Basi chambua. Nauli, hiyo ina nyuzi mbili, bakulini. Nguo nzuri ya kuja nayo, bakulini. Nani atakutazama nguo na shingo hiyo? Zawadi, bakulini. Kinabaki kiini, na nadhani nakijua, ni kwamba unaona haya kufika kabla hujamaliza. Hicho usikitatue, mume wangu. Njoo nacho hivyo hivyo kilivyo kigumu, tukiweke mezani.

Mama Cherehani anakusalimu, karani anauliza kama una dawa ya upara, Sista anasema ulale na Mama Mkaa anasema uamke. Mzee wa kona anakupenda, kama anavyompenda kila mtu.

Siku utakayokuja usiingie kwangu kwanza. Mlango wa nyumba hii ya tatu ni wa kijani, na barazani kuna meza yenye redio zilizofumuliwa. Simama mbele ya meza hiyo, mwamkie Fundi kwa heshima, umwite babu, na ukae akutazame mpaka atosheke. Mimi nitakuwa nyuma ya mlango nimeziba mdomo wangu kwa mkono. Usiniite mpaka nitoke mwenyewe.

Mkeo wa kwanza, asiye na mpinzani,
Bibi