Vinara vyetu vya viazi

Noga shoga yangu, hebu sikiliza. Mama mkwe amekaanga vinara vya watoto.

Asubuhi yote mimi na watoto tumechonga viazi viwe vinara vya sherehe ya Hanukka, sikukuu yetu ya Kiyahudi ya kuwasha mishumaa, kila kimoja na mashimo yake ya mishumaa. Nikatoka mara moja kwenye mvua hii ya Haifa kununua mishumaa. Narudi, vimeshakuwa chapati za viazi.

Ananiambia, "Mwanangu, wamekuuzia viazi vilivyoliwa na wadudu. Nimekata sehemu mbovu."

Wadudu, Noga. Mkono wangu umekufa ganzi kwa kuchonga.

Nikawaambia watoto ukweli, nikasubiri kilio. Badala yake mmoja wao, Yotam, akauliza, "Sasa changu ni kipi?" Basi wote wakavamia sinia, kila mmoja anaonja akitafuta kinara chake, vicheko mpaka kwa jirani.

Mama mkwe akanikonyeza. "Si jana ulilalamika huna mchezo wa watoto kwenye sherehe?"