Mama Kijiko na Kahawa Ambayo Hakuionja

Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke, Mama, na nyumbani supu inanywewa kimya. Wewe ulizoea kuivuta kwa kishindo, kama ulivyovuta kahawa kazini, na Baba akikukumbusha, "Mama watoto, hapa hakuna ndoo ya kutemea." Ulicheka, kisha ukavuta tena vilevile.

Kiwandani walikuita Mama Kijiko. Kazi yako ilikuwa kuonja na kuchanganya kahawa za aina mbalimbali. Ulipanga vikombe mezani, ukaumwagia unga wa kahawa maji ya moto, ukangoja utando ujikusanye juu, ukaupasua kwa mgongo wa kijiko huku pua ikikaribia kuzama. Halafu unavuta, unatema, unasogea. Wenzako wakiisifia kahawa moja yenye harufu kali, uliwauliza, "Huyu anaimba vizuri, lakini nani atamwitikia?" Ukaongeza ile nzito, na ile chachu kidogo, mpaka hakuna iliyomfunika mwenzake.

Ulipougua kifua ulipona, ila pua haikupona. Ulirudi kazini, ukaonja meza nzima mbele ya watu, ukaweka kijiko chini. "Ndugu zangu, leo nimekunywa maji ya moto tu." Jioni hiyo ulikaa sebuleni na koti la kazi mwilini mpaka chakula kikapoa.

Msimu huohuo mvua ziligoma, na ile kahawa nzito mliyoitegemea haikupatikana. Mchanganyiko mkuu wa kiwanda ukawa hauna mguu. Msimamizi alikuja hadi nyumbani. "Mama, ulimi tutauazima. Kichwa ni chako."

Ukamchagua kitindamimba wako, mnywaji wa chai, aliyeikunjia kahawa uso tangu utotoni.

"Mama, mimi sijui kitu."

"Ndiyo maana nakutaka. Hutaniambia unachodhani napenda kusikia. Vuta. Inakaa wapi?"

"Pembeni mwa ulimi. Inakata kama limau."

"Na ukishatema?"

"Inapotea. Kama mgeni asiyeaga."

"Basi tumtafutie wa kumshika mkono."

Mliendelea hivyo wiki nyingi, yeye akionja, wewe ukisikiliza macho umefumba. Mlibishana. Kuna siku alilia, akasema anaacha. Ukampa maji asukutue, ukamsogezea kikombe kingine. Mwishowe akavuta, akasita, akasahau kutema.

"Tumeipata," ulisema, kabla hajafungua mdomo.

Wateja wa zamani waliikubali. Pakiti za kwanza zilipotoka, ulimiminiwa kikombe cha kahawa uliyoitunga bila kuionja. Kitindamimba wako akauliza ikoje.

"Ya moto," ulisema. Ukainywa yote, ukaomba nyingine.

Muda si mrefu baadaye moyo wako ulisimama ukiwa usingizini. Safari hii hukuugua, hukusumbua mtu.

Tangu hapo maisha yameendelea, kama ulivyosema yangeendelea. Baba amejifunza kupika, si vizuri sana. Kitindamimba wako, binti yule mnywaji wa chai, anaisimamia ile meza, na waonjaji wakibishana anawaambia wavute tena kabla ya kusema.

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu, wakwe zako, wajukuu, dada yako mkubwa, wifi zako, na wenzako wote wa kiwandani.

Maadamu tunapumua, Mama, hutasahaulika.