Usilitazame Sinia

Jadida, Wete
14 Aprili 2025

Assalamu alaykum, mume wangu Hafidh, kipande cha moyo wangu. Hujambo? Unakula vizuri? Mimi mzima, ila chumba chetu kimekuwa kikubwa tangu uende kusomea urubani. Simu ni nzuri, lakini hailali chini ya mto kama barua yako! Mama yako, Bi Mgeni, anakusalimu. Nilimwambia utakuja kumrusha, akacheka: "Anirushe nani? Yule aliyenibwaga na baiskeli njia ya Konde?"

Mkeo akupendaye,
Moza

Dar es Salaam
22 Aprili 2025

Waalaykum salaam, ua langu. Mwili mzima, roho taabani. Kupaa naweza, kutua kunanishinda. Ukiikaribia ardhi unapunguza nguvu ya injini, unainua pua kidogo, magurudumu ya nyuma yaguse kwanza. Mimi naitazama lami chini yangu, naona inanijia, naogopa, navuta mno. Ndege inarukaruka kama chura. Mtihani wa marudio ni mwanzo wa Mei. Nikishindwa tena, narudishwa nyumbani.

Mumeo,
Hafidh

Jadida, Wete
26 Aprili 2025

Salamu nyingi, mpenzi wangu. Sisi wazima, tunakuombea.

Unakumbuka fungate yetu, nilipowapelekea wazee wa kwenu sinia la pilau, bakuli la mchuzi limejaa pomoni? Nami macho yote kwenye mchuzi! Mama yako akaninong'oneza: "Usilitazame sinia, mwanangu. Mtazame mzee aliyekaa mwisho wa mkeka, mikono itajua yenyewe." Halikumwagika hata tone, nawe ukanikonyeza mbele za watu, huna haya!

Basi iache lami. Tazama mwisho wa uwanja. Jifanye nimekaa pale, na kanga yangu ya harusi, nakungoja.

Mkeo,
Moza

Dar es Salaam
6 Mei 2025

Mke wangu, salamu baadaye. Nilikuona umekaa pale. Nimefaulu!

Mumeo,
Hafidh

Jadida, Wete
28 Machi 2026

Assalamu alaykum, rubani wangu. Hali yako naijua, umetoka hapa sasa hivi kwenda kuswali Alasiri. Naandika upesi nikufichie barua chini ya mto.

Leo, ulipotuleta kutoka Unguja na kapteni akakuachia utue mwenyewe, mama yako alifumba macho safari nzima, tasbihi mkononi. Ndege ikagusa, ikatembea, watu wakaanza kufungua mikanda. Akanivuta buibui: "Moza, hebu kamwambie atue, nimechoka kungoja."

"Fumbua macho, mama. Tupo Pemba."

Akatazama nje. Kisha akatabasamu: "Halikumwagika hata tone."

Mkeo, mwenye raha kuliko wote kisiwani,
Moza