Chula wa Kasai

Katuba, siku ya tatu ya uhuru wa Katanga

Mujinga yule! Eti Katanga sasa ni inchi peke yake, basi bwana mukubwa wa muze yetu ya makumbusho anataka karatasi zote za miguuni mwa bachula ba mu chupa ziandikwe "Katanga".

"Na hawa ba Kasai?" nikamuuliza. "Bako tofauti, bwana. Tukifuta pahali balikamatwa, hatutajua tena namna baligeuka miaka na miaka."

"Andika tu, Sylvain. Ukimaliza, uende kwenu Kasai."

Miaka kumi na mbili nimefunga karatasi zile kwa mikono yangu. Leo nimezikata kwa mukasi, moja moja, nikafunga zingine za "Katanga".

Chula wa Kasai amekuwa Mukatanga tangu saa nane. Mimi niliyezaliwa mu muji huu wa Katanga, nimepewa mpaka kesho kuondoka.