Wimbo wa Langoni, Kianyaga

Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumai kadi hii inakukuta mzima.

Huku Kianyaga manyunyu hayakatiki, na vidole vyangu vya kupigia udi vimekufa ganzi. Jana mwenyeji wangu, Mama Wanjiru, alinichukua tukapeleke mahari ya mwanawe. Desturi yao, wageni huimba nje ya lango mpaka wafunguliwe.

"Si wewe unasomea muziki? Basi utatuongoza," akaniambia.

Wimbo wao wa Kikuyu nilikuwa nimeukariri, lakini nilipofika mbele ya lango, akina mama wote wakinisubiri, maneno yakanipotea. Nikaona nimeshamharibia kijana wa watu posa yake. Kilichonitoka mdomoni ni wimbo wako, ule unaowaimbia maharusi huko Pemba.

Bibi mmoja akauliza kutoka ndani, "Huyo ni nani, na ametoka wapi?"

"Ni mgeni wetu. Ametoka Pemba," Mama Wanjiru akajibu.

"Ati Pemba? Si mfungue, huyo mtoto atakufa na baridi!"

Lango likafunguliwa kwa vicheko na vigelegele. Nikalishwa mukimo, viazi vyao vya kuponda na mahindi, mpaka nikahema.

Lakini roho haijatulia, Bibi. Wanataka niimbe tena harusini mwezi ujao, nami najua ubeti mmoja tu. Mwambie mdogo wangu Asha akurekodi kwenye simu ukiimba wimbo wote, anitumie. Mungu akutunzie sauti yako.

Mjukuu wako,
Zuhura