Ugali Uliokatwa kwa Uzi

Gitothua, Ruiru. Jumapili, Februari 1951.

Jua limekuwa kali tangu asubuhi, na vumbi la barabara ya stesheni limefunika hata majani ya kahawa. Ninaandika kabla jua halijazama. Bado nimeshiba, na moyo wangu umetulia kwa mara ya kwanza tangu nirudi kutoka Italia.

Leo nimeaminiwa.

Nieleze kwa utaratibu, maana atakayesoma daftari hili baada yangu huenda asijue jambo lilianzia wapi. Mwaka jana misheni ilinituma Italia pamoja na Padri Carlo. Kitabu chetu cha sala cha Kikuyu kilikuwa kinachapishwa Torino, na wapanga herufi wa huko, ambao hawakujua neno hata moja la lugha yetu, walikuwa wakikata maneno popote mstari ulipoishia. Kazi yangu ilikuwa kusoma kila ukurasa kabla haujapigwa chapa. Miezi miwili nilikaa katika chumba chenye harufu ya wino. Kazi ilipokwisha, Padri alisema hawezi kuniacha nirudi nyumbani nikiwa nimeona kuta tu. Akaazima gari dogo la mjomba wake, tukaenda kwa mama yake. Ni mwendo wa siku moja. Sisi tuliufanya kwa siku tatu.

Nchi ile ina vilima vinavyofuatana kama migongo ya Murang'a, ila wao hujenga vijiji juu kabisa kileleni, na nilijiuliza ni nani huwapandishia maji. Mizabibu imepandwa kwa mistari kama kahawa ya walowezi wa hapa Ruiru. Ulikuwa wakati wa mavuno. Wanawake wenye vitambaa kichwani walibeba vikapu, na ng'ombe weupe walivuta mikokoteni taratibu mbele yetu, nasi tukawafuata bila haraka. Kila tuliposimama kuuliza njia tuliambiwa tuketi. Nilikula jibini iliyofungwa kwa majani, na mikate myembamba kama vijiti.

Siku ya pili tuliwekewa chungu kidogo juu ya makaa. Ndani mlikuwa na mafuta, kitunguu saumu na samaki wadogo wa chumvi, kila mtu akichovya kabichi mbichi. Mimi ni Mkikuyu wa zamani. Samaki hakuwa chakula chetu, na marehemu mama angeinuka akaondoka. Nilichovya mara ya kwanza kwa ajili ya adabu. Mara ya pili adabu haikuhusika.

Gari lenyewe lilikuwa limechoka. Kwenye kila mwinuko mkali nilishuka nikasukuma, Padri akiwa kwenye usukani, akiniomba radhi kupitia dirishani.

Jioni ya tatu tuliingia jikoni kwa mama yake. Alikuwa amesimama mbele ya sufuria ya shaba iliyoning'inia kwa mnyororo juu ya moto, anakoroga kwa mti mrefu. Nilijua harufu ile kabla sijaona kilichomo. Ulikuwa unga wa mahindi. Ulikuwa wa njano, lakini ulikuwa ngima, ugali wetu, maelfu ya maili kutoka nyumbani. Aliukoroga karibu saa nzima, akaupindua juu ya ubao, kisha akachukua uzi. Aliupitisha chini ya ugali, akavuta ncha mbili kwenda juu, na kipande kikatoka safi. Kisu hushikana na unga, alinieleza kupitia mwanawe, uzi haushikani.

Nilikila kipande kile kwa vidole, kama nyumbani.

Niliporudi nilisimulia yote. Kuhusu mizabibu waliniamini. Kuhusu samaki walinihurumia. Lakini niliposema Wazungu wale hula ugali, na kuukata kwa uzi, nyumba nzima ilicheka, na aliyecheka zaidi ni Njoroge, kaka wa mke wangu, ambaye ni msimamizi wa wachonga mawe huko Thika. Yeye ndiye aliyenipa jina la Mwalimu wa Uzi. Jina likafika sokoni, likafika kanisani, mwishowe likafika shuleni.

Hapo ndipo liliponiuma. Wiki iliyopita mzazi mmoja aliniuliza, kwa heshima zote, kama habari kwamba dunia hulizunguka jua nayo niliipata kwa wale wakata ugali. Nimefundisha watoto wa watu hawa miaka mingi. Mwalimu hana shamba kubwa wala ng'ombe wengi. Ana neno lake, na likishachekwa hana kitu.

Jana Njoroge alituma ujumbe kwamba analeta Mwitaliano halisi, Fundi Ernesto, anayejenga mnara wa kengele Thika. Aliletwa nchini akiwa mfungwa wa vita, vita vikaisha, akabaki na mwiko wake wa saruji. Njoroge alitaka aniumbue mezani kwangu mwenyewe.

Ninakiri niliogopa. Italia ni ndefu, na mimi niliona pembe moja tu. Padri Carlo alikuwa ameniambia kwamba wa kusini hula tambi, na wengine hawajawahi kuonja ugali. Je, kama fundi huyu ni wa kusini?

"Baba Wambui, nimdokeze fundi kidogo akifika?" mke wangu Wanjiru aliniuliza.

"Usimwambie neno. Pika tu."

Walifika kwa pikipiki, Njoroge nyuma, kofia ameikumbatia. Majirani watatu wakaja kuazima vitu walivyo navyo nyumbani kwao.

"Shemeji," Njoroge alisema akiketi, kwa Kikuyu ili mgeni asielewe, "uzi uko tayari, au tutumie kamba ya mbuzi?"

Wanjiru alileta kuku, sukuma wiki, na ugali mkubwa mweupe juu ya sinia, ukifuka mvuke. Fundi Ernesto aliutazama. Aliinama akaunusa. Kisha akageuka kwa mke wangu.

"Mama, iko uzi?"

Njoroge, ambaye mdomo wake haupumziki, ndiye aliyeuliza.

"Uzi wa nini, bwana fundi?"

"Ya kukata hii. Kisu nashika, hapana safi. Mama yangu nafanya na uzi siku zote. Lakini ya kwetu iko njano."

Wanjiru alitoa uzi mweusi kwenye kikapu chake cha kushonea, akauosha. Fundi aliupitisha chini ya ugali, akavuta juu, akamwekea Njoroge kipande cha kwanza. Kilikuwa kimenyooka kama jiwe la msingi. Njoroge alikizungusha kwenye sahani akitafuta kosa.

"Haya," akasema mwishowe. "Mwalimu, nipe kuku nile, la sivyo aibu itanishibisha bure."

Walicheka wote, na safari hii nilicheka nao. Majirani waliondoka bila vitu walivyokuja kuazima, na kabla ya saa kumi habari ilikuwa imevuka mto. Walipokwenda, Wanjiru alifunga ule uzi kwenye msumari, karibu na mwiko wake.

"Nami sikukuamini," alisema bila kunitazama. "Nilidhani umeongeza chumvi kidogo."

Sijui kwa nini hilo lilinifurahisha kuliko yote. Labda kwa sababu alinipikia miezi hii yote bila kuniambia shaka yake.

Ningependa kufunga daftari hapa. Lakini Njoroge, akiwa tayari amepanda pikipiki, alinishika mkono akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Basi shemeji, hata ile ya kwamba wewe mwenyewe uliendesha gari kupanda milima ile, sasa naiamini."

Nilipunga mkono. Nikaiacha ipite.

Niliisimulia hivyo jioni ya kwanza niliporudi, nikiwa nimezungukwa na watoto, na neno kusukuma halikupendeza. Hakuna aliyeitilia shaka. Walikuwa wanashughulika na uzi.

Kesho baada ya shule nitapanda gari moshi la Thika, nitamtafuta Njoroge machimboni, na nitamwambia nani alikuwa kwenye usukani. Atacheka mpaka wachonga mawe waache nyundo. Acha acheke. Uzi ni wa kweli, na uko ukutani.