Jina Langu Linatajwa Ng'ambo, Mkwe Wangu Amenuna

Mpendwa mshauri,

Naomba radhi kwa ukimya wangu mrefu, kwani uliponisaidia katika ugomvi wa mpaka wa shamba langu hapa Pito sikukuandikia hata neno la shukrani, jambo ambalo mwalimu mstaafu hapaswi kulifanya, na leo narudi kwako nikiomba msaada mwingine.

Binti yangu Klementina ni mtafiti wa chuo kikuu huko Dar es Salaam, anachunguza namna ubongo unavyokumbuka na kusahau, na makala zake zimechapishwa katika majarida ya ng'ambo, ambako wataalamu wenzake wanazinukuu sana, hasa ile ya mwaka 1994 aliyoitafitia kwa watoto wa shule huku kwetu. Sasa, sisi huandika jina letu kisha la baba, naye ni Klementina Isdori, lakini watu wa ng'ambo hushika jina la mwisho na kulifupisha la kwanza, kwa hiyo wote wanaandika "Isdori, K.", na anayetajwa ni mimi, ambaye sijawahi kuona ubongo isipokuwa wa mbuzi. Mtaalamu mmoja wa Uholanzi aliandika "Isdori anadai", nami nikashinda kutwa nzima nikijiuliza nimedai nini. Nisiwe mnafiki, mshauri, jambo hili linanipendeza, na nakala ya makala hiyo hukaa katika mfuko wa koti langu.

Tatizo ni mkwe wangu Jafeti, mzee wa Mbeya mwenye duka la mabati na saruji pale Milanzi, ambaye mwanawe Suma ndiye aliyemwoa Klementina. Mwezi uliopita nilimwonyesha nakala ile, naye akaniuliza mbele ya wateja:

"Mkwe, ng'ombe walitoka kwangu. Mbona Wazungu wanakutaja wewe?"

"Hawanitaji mimi, mkwe. Wanamtaja mtoto."

"Mtoto yuko wapi hapa? Mtoto amebaki herufi moja. Na wewe juzi si ulisahau baiskeli hapa dukani, ukaenda Pito kwa miguu? Ndiye bingwa wa kukumbuka huyo?"

Wateja walicheka, na kijana mmoja akaniamkia, "Shikamoo, Profesa," nami, Mungu anisamehe, niliitika.

Tangu siku hiyo Jafeti anamshinikiza Suma kwamba makala mpya, ambayo lazima itumwe kabla ya mwisho wa mwezi, iandikwe Klementina Jafeti, na Suma, anayemwogopa baba yake, anamshinikiza mkewe, hata sasa hawasemezani. Klementina anaeleza kwamba kamati itakayoamua kama atapandishwa cheo huangalia amenukuliwa mara ngapi, na kwamba akibadili jina, orodha za maktaba zitamhesabu kuwa watu wawili, tena wote wawili wadogo. Hata hivyo ameniandikia: "Baba, nimechoka. Ninyi wazee mkikubaliana, nitafuata jina mtakalonipa." Nami sijui, nikimtetea, kama namtetea yeye au naitetea sifa yangu. Je, nimwachie Jafeti? Uamuzi ukishapatikana, nitakuandikia bila kuchelewa.

Isdori, Pito, Sumbawanga.

Jibu la Bi Bertilla

Shikamoo, mzee Isdori.

Ukimya nimeusamehe. Koti sijalisamehe.

Unajiuliza unatetea nini. Unatetea vyote viwili, na baba kufurahia jina lake si dhambi. Kosa ni kwamba wazee wawili mmesimama kati ya mifuko ya saruji mnagombea kazi ambayo hakuna kati yenu aliyeifanya. Si wewe uliyekaa na watoto wale darasani, wala si Jafeti aliyeandika hata mstari mmoja. Jina hilo lilianza likiwa lako, sawa, lakini kwa kazi yake limekwisha kuwa la Klementina. Anayemtafuta humtafuta kwa hilo. Likibadilishwa sasa, atakayepoteza ni yeye, ninyi mtabaki na hewa.

Amesema atafuata mtakachokubaliana. Usifurahi. Huyo ni mtu aliyechoka, hajaridhika.

Sasa nenda Milanzi jioni, wateja wakishaondoka. Nenda na mama Klementina, na ile nakala ibaki nyumbani. Usimfundishe Jafeti, maana amechoka kufundishwa. Mwambie tu, "Mkwe, nimejivuna kupita kiasi, nikakuudhi." Huyo mzee hana haja na majarida, anataka kuona kwamba na yeye amepata kitu katika undugu huu. Mkumbushe kwamba wajukuu wakija wataandikwa majina matatu, la mwisho likiwa Jafeti, tangu darasa la kwanza, na huko wewe hutatajwa hata kwa herufi moja. Akicheka, mwombe azungumze na Suma yeye mwenyewe, amwache kijana wake aishi na mkewe kwa amani.

Mkishapatana, msimpe Klementina jina lolote. Mwandikieni kwamba mmejitoa, achague mwenyewe kabla mwezi haujaisha. Hata akichagua la Jafeti, wewe nyamaza.

Na barua ya uamuzi uliyoniahidi, tafadhali usiiandike wewe. Klementina ataniandikia akishaamua, na atie sahihi kwa jina analolitaka.